Wamepresi bushi vizuri, wakaziua kwa spana (gereji moja, Ngamiani)

Nianze na mazuri, maana yapo. Bushi za wishiboni (zile raba za maungio ya mkono wa chuma unaoshikilia tairi la mbele kwenye bodi) walizonifungia kwenye Toyota IST yangu zilikuwa nzuri, walizipresi kwa mashine na si kwa nyundo, na bei tuliyopatana asubuhi ndiyo niliyolipa jioni. Kwa Tanga hii hayo si madogo. Ningeishia hapo ningewapa nyota nne. Ila kazi ya bushi haiishii kwenye presi. Inaishia kwenye spana ya mwisho, na hiyo ndiyo waliyoiharibu: walikaza bolti gari likiwa bado juu ya stendi.

Utasema bolti ni bolti tu. Sikiliza. Bushi ya wishiboni haizunguki kama beringi. Katikati ina kibomba cha chuma, na raba imegandishwa kwenye kibomba hicho. Ukikaza bolti, kibomba kinabanwa hakisogei tena. Tairi likipanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Kwa hiyo mkao uliokazia ndio raba inaouona kuwa wa kupumzika. Gari likiwa limeinuliwa kwa bodi, matairi yameshuka mpaka mwisho wa shokapu. Kaza hapo halafu shusha: raba imeshasokotwa kabla hujawasha injini, na kila tuta linazidi kuisokota. Gari linasimama juu kidogo mbele, linalia kwii-kwii ukipita matuta polepole, na haupiti muda raba inachanika pale ilipogandishwa. Kisha unaambiwa bushi zilikuwa feki.

Kuepuka haya hakuna ugumu. Kabla ya kunyanyua, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, uandike. Bushi zikishaingia, funga bolti mpaka zishike tu. Rudisha tairi, shusha gari, likandamize mbele mara kadhaa, lisukume mbele na nyuma hatua chache ili matairi yakae mahali pake, ndipo ukaze. Spana haifiki gari likiwa chini? Liache kwenye stendi, weka jeki na kibao chini ya ncha ya wishiboni, karibu na boli jointi (kiungo cha wishiboni na upande wa tairi) lakini si juu ya buti yake, yaani kifuko cha raba kinachokinga grisi, pandisha taratibu mpaka kipimo chako kirudi, kaza hapo. Angalia tu bodi isianze kuachia stendi. Ni kama dakika kumi kwa upande.

Nilimweleza haya fundi mkuu palepale, kwa adabu, nikianza na shikamoo maana ni mtu mzima. Jibu lake: "Mwanangu, kama wajua, umelileta la nini?" Akachomeka bomba refu kwenye spana akakaza mpaka bolti ikalia. Kijana wake, saidia fundi, alikuwa ameshazilegeza zile za kushoto bila kuambiwa, akisubiri gari lishuke. Akafokewa mbele ya watu, akaambiwa azikaze. Basi nyota nne zikawa mbili.

Na bado sijafika kwenye jeki.

Sakafu yao ni mchanga. Jeki ya magurudumu inapopanda, kichwa chake kinakwenda kwa upinde, kwa hiyo lazima jeki yenyewe itambae kidogo kulifuata gari. Kwenye mchanga magurudumu yanazama, jeki haitambai, kichwa kinateleza au kinalivuta gari pembeni. Ubao mpana, mnene, wa kutambalia ungetosha. Hawakuweka. Tena kichwa cha jeki kilikaa katikati ya wishiboni ya kulia! Lile ni bati lililokunjwa, limeundwa kuhimili tairi linavyovuta na kusukuma, si kubonyezwa tumboni na uzito wa gari. Likipinda hata kidogo, tairi linakaa upande na kuanza kuliwa. Kichwa kikateleza kikachana buti ya boli jointi. Grisi nje, mchanga ndani. Wakaipaka gundi. Gundi!

Mahali pa jeki panajulikana. Chini ya milango, kwenye ukingo wa bati, kuna mikato miwili nyuma ya tairi la mbele na mingine miwili mbele ya tairi la nyuma. Jeki inakaa kati ya mikato hiyo, juu ya kipande cha raba chenye mfereji ili ukingo uzame ndani usikunjwe. Na gari la pwani uligonge kwanza ukingo huo kwa mpini wa bisibisi. Chumvi inaula ukingo ule kwa ndani huku rangi nje inang'aa, na jeki inazama kama kwenye boksi. Mawe ya kuzuia matairi nayo yana upande wake. Ukinyanyua mbele, vuta handbreki na uweke mawe kwenye matairi ya nyuma. Ukinyanyua nyuma, handbreki inashika matairi hayohayo yaliyo hewani, kwa hiyo mawe yaende mbele.

Nisiwaonee lakini. Mteja mmoja alikuwa akiwagombeza kwamba kuacha gari juu kutwa nzima kumeua shokapu zake. Hapo niko upande wao: shokapu ina kikomo chake ndani, na kuning'inia peke yake hakuiui. (Land Cruiser zenye mfumo wa kupandisha na kushusha kimo ni habari nyingine, mfumo huo uzimwe kabla ya jeki kugusa gari.) Kosa lingekuwa kuiacha kalipa (kile chuma kinachobana diski ya breki) ikining'inia kwa hozi ya breki, nao kalipa zangu walizifunga kwa waya kwenye springi, safi kabisa. Wanajua kazi. Ndiyo maana nina hasira. Angekuwa fundi wa kubahatisha nisingeandika.

Bolti nimezilegeza na kuzikaza upya gari likiwa chini. Kushoto mlio umekwisha. Kulia bado unalia, na buti ya gundi imeshaachia kabla sijafika hata Pangani, kwa hiyo boli jointi nanunua mimi. Nilitaka kuwaachia nyota mbili, sasa naona moja inatosha.

Hapana, ziwe mbili. Ya pili ni ya yule kijana, na asikatwe.