Nimehariri kwa kikuzaji na kisoma skrini: uzoefu wangu

Mimi ni mhariri, na macho yangu ni mabovu. Jicho la kushoto linaona ukungu mtupu. La kulia linasoma herufi zikiwa kubwa na karibu. Kwa muda mrefu nilikuwa nainama mpaka pua inakaribia kugusa skrini. Shingo ndiyo iliyokataa kwanza.

Kabla ya kununua chochote nikaamua kujaribu vilivyomo ndani ya Windows. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na U, ukurasa wa ufikivu, yaani wa mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu, unafunguka. Nimetumia mfumo huu miaka mingi na sikuwahi kuingia humo. Nilichokijua ni kile kisanduku kinachoruka ukigonga Shift mara tano, nami nilikuwa nakifunga kwa hasira, kumbe kimewekwa kwa ajili ya watu wasioweza kushika vitufe viwili kwa pamoja.

Kikuzaji, chombo cha kukuza vilivyo kwenye skrini, nilikipenda siku ile ile. Windows na alama ya kujumlisha, skrini inakua. Windows na Esc, inarudi ilivyokuwa. Kinafika asilimia 1,600, lakini huko neno moja halienei kwenye skrini. Mimi hukaa kwenye 250. Kasoro yake ni kwamba unapotea. Kwenye jedwali nilikuwa naona tarakimu na sijui ni ya safu ipi, kama mtu anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Ctrl, Alt na L huleta lenzi inayofuata kishale huku sehemu nyingine ya ukurasa ikibaki na ukubwa wake. Hiyo ndiyo naitumia kwenye majedwali. Na Ctrl, Alt na I hugeuza rangi, maandishi yanakuwa meupe juu ya weusi. Nyeupe ya karatasi ndiyo iliyokuwa inaniumiza zaidi, wala sikuwa nimeligundua hilo.

Ila ningeanza upya, ningeanza na ukubwa wa maandishi peke yake, unaopanda hadi asilimia 225. Hapo mistari hujipanga upya, hulazimiki kuvuta skrini kushoto na kulia.

Kusikiliza kulinishinda mwanzoni. Narrator, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kilichomo tangu Windows 2000, huwashwa kwa Windows, Ctrl na Enter. Kikaanza kusema kila kitu: dirisha, menyu, kiungo, kitufe. Nilitaka kuzima kompyuta nzima, mpaka nilipojua kwamba Ctrl peke yake hukinyamazisha. Tena sauti niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiingereza, na Kiswahili ilikikanyaga vibaya. "Pole sana" ikawa "poul", yaani mlingoti. "Wake" ikawa "weik". Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba nina kurasa 40 za kusoma.

Kwa Kiswahili nikahamia NVDA, kisoma skrini kingine, ambayo ni ya bure na haimo ndani ya Windows, unaiongeza mwenyewe. Inakuja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, na hiyo inajua Kiswahili. Sauti yake ni ya kibatibati, haina huruma hata kidogo, lakini "ng'ombe" anakuwa ng'ombe.

Kuna lawama moja ambayo haiwahusu waliotengeneza visoma skrini. Programu moja ya kutunza kumbukumbu tunayoitumia kazini haikuvipa vitufe vyake majina. Kisoma skrini kinasema tu "kitufe, kitufe, kitufe". Nikahesabu, nikabonyeza cha tatu nikidhani ni cha kuhifadhi. Kilikuwa cha kufuta. Kisoma skrini husema kile ambacho programu imekiambia. Ikiwa hakikuambiwa kitu, hakina la kusema.

Mac nimeijaribu kwa siku mbili tu, kwenye kompyuta ya rafiki. VoiceOver, kisoma skrini chake kilichomo humo tangu 2005, huwashwa kwa Command na F5. Siku mbili hazinitoshi kuisifu wala kuiponda.

Sasa asubuhi nasoma kwa macho, jioni nasikiliza. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba sikio linanasa makosa ambayo jicho linayaruka. Juzi sauti ile ya kibati ilinisomea "kwa ajili ya ya watoto" katika aya niliyokwisha kuipitia mara tatu.