getent kwenye skripti ya kutafuta watumiaji: uzoefu wangu

Seva zetu kazini ni za Linux, na swali linalonijia kila mara ni lile lile: fulani ana akaunti kwenye mashine hii au hana? Skripti niliyoikuta ilikuwa inapekua `/etc/passwd`, faili la akaunti za mashine yenyewe, kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno. Ukitafuta `juma`, inakuletea na `jumanne`. Hilo dawa yake ndogo, andika `^juma:` basi. Tatizo kubwa ni kwamba akaunti nyingi za wafanyakazi ziko LDAP (saraka ya akaunti inayotumiwa na mashine nyingi kupitia mtandao), na kwenye faili hilo hazimo kabisa. Skripti inasema mtu hayupo, kumbe mwenyewe yumo ndani anachapa kazi.

Nikahamia `getent`, amri inayouliza vyanzo vyote vya akaunti vilivyowekwa kwenye mashine, na sirudi nyuma. Ukiandika `getent passwd juma`, inafuata utaratibu uliopangwa kwenye `/etc/nsswitch.conf`, kwa hiyo faili la mashine linaulizwa, na LDAP nayo inaulizwa. Jibu ni mstari mmoja wenye sehemu 7 zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Skripti yangu inaugawa hivi:

`IFS=: read -r jina x uid gid maelezo nyumbani sheli`

Mimi macho yangu huenda kwanza kwenye sheli, yaani programu inayofunguka mtu akiingia. Ukikuta `/usr/sbin/nologin`, mara nyingi hiyo ni akaunti ya huduma, si ya mtu. UID (namba ya mtumiaji) nayo inasaidia, maana kwenye Debian akaunti za watu huanzia 1000. Ila usichuje kwa kigezo hicho peke yake: `nobody` ana 65534 na atakupenyea.

Kinachonikera ni ukimya wake. Jina lisipopatikana haitoi neno, inatoka tu na namba 2, na ujumbe wa kueleweka unauandika mwenyewe baada ya kukagua `$?`, inayoshika namba hiyo. Halafu ukiipa namba inaichukulia kuwa UID, kwa hiyo `getent passwd 0` inakuletea `root`. Wengine wanaona ni usumbufu; mimi inanifaa sana nikikutana na `uid=1003` kwenye kumbukumbu za mashine na sijui ni nani.

Na usitegemee `getent passwd` bila jina ikupe orodha nzima. Kama LDAP inapitia SSSD (huduma inayounganisha mashine na saraka hiyo), kwa kawaida utaona akaunti za mashine tu, ingawa ukimtaja mtu kwa jina anapatikana.

Kwenye macOS haipo. Huko natumia `dscl`, amri yake ya kusoma akaunti, au `id` nikitaka kujua yupo au hayupo tu.