Kwenye daftari gari la taka limepita, mlangoni kwangu halijapita

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko. Nina cherehani, nina wateja, na sare za shule zikianza kuletwa hata chai siinywi ikiwa ya moto. Lakini kuna jambo halmashauri yetu imelifanya mwezi uliopita, au tuseme haikulifanya, na tangu siku ile nikikaa kazini mguu unakanyaga pedali kwa hasira mpaka uzi unakatika. Mji sitautaja. Uko huku Kusini, na kati ya Lindi na Mtwara ni kilomita mia moja na kitu tu, jazeni wenyewe. Bado naishi hapa, na leseni yangu ya biashara inapitia ofisi hiyohiyo.

Kazi ya halmashauri inayojulikana na kila mtu, hata asiyemjua diwani wake, ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka, magenge, mama lishe, wote mnafunga mpaka saa nne asubuhi, mnafagia, mnazibua mitaro. Mafagio haya tulikabidhiwa rasmi tarehe 9 Desemba 2015, Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akataka siku ile iwe ya usafi, na baadaye ikawa desturi ya kila mwezi. Mimi sina ugomvi na desturi hiyo, naiunga mkono kabisa. Mtaro unaopita mbele ya kibanda changu ukiziba, masika maji yananikuta ndani na vitambaa vya watu. Halafu mbu. Malaria ya mikoa yetu hii miwili haihitaji utambulisho.

Kwa hiyo siku ile tulifanya kazi, tena kweli. Vijana wa bodaboda waliingia mtaroni na makoleo wakatoa tope jeusi ambalo nadhani lilikuwemo tangu mvua za kimbunga Hidaya, 2024. Humo mkatoka makopo, vifuu, maganda ya mihogo, nepi, mabaki ya mabibo, na mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, haina hata tobo. Mwenyekiti wa mtaa akapita, Mtendaji akapita. Mama mmoja aliyekuwa ameshawasha jiko la maandazi kabla ya saa nne akatishiwa faini ya elfu hamsini, akalizima huku unga umeshaumuka. Sawa, sheria ni sheria.

Wakaja watumishi wa idara wamevaa vizibao vya kung'aa, na kijana mwenye kamera. Wakaazima reki zetu, wakasimama mbele ya lundo letu, wakapigwa picha, wakaturudishia reki zetu. Bwana Afya akasema, na mtaa mzima ulisikia: "Rundikeni hapa konani, gari linapita mchana."

Tukarundika. Lundo likanifika kifuani.

Mchana gari halikupita. Jioni halikupita. Jumapili tukasema labda wanapumzika, nao ni binadamu. Jumatatu kuku wa jirani wakaanza kulisambaza, mbuzi wakaja kuchagua maganda, na wateja wangu wakaanza kupimwa suruali huku wameziba pua. Katikati ya wiki ikashuka mvua moja tu, wala haikuwa kubwa. Lile tope lote likarudi mtaroni, tena sasa limechanganyika na vya konani ambavyo awali havikuwemo. Yaani baada ya usafi, mtaro wetu ulikuwa mchafu kuliko kabla ya usafi. Nilisimama hapo nikautazama nikakosa hata tusi.

Na hapa hatuongelei huduma ya bure. Ada ya taka ninalipa elfu mbili nyumbani na elfu tano kibandani, kila mwezi. Kijana anayepita na mashine ya risiti hajawahi kukosa, jua liwe kali, mvua inyeshe. Anabisha hodi, "Shikamoo baba, nimekuja ile ya taka," anakata risiti, anakwenda. Huyo simlaumu hata kidogo, mtoto amelelewa. (Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi, ukinunua umeme imeshaondoka, lakini hiyo ni habari ya TRA, nisichanganye ugomvi.)

Basi nikaenda ofisini. Nilifuatana na bibi jirani yangu, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo konani kabisa na lundo liko chini ya dirisha lake. Ni mtu mzima wa kutosha, anatembea na bakora, na siku ile alivaa kanga mpya kwa kuwa anakwenda serikalini. Tukaelekezwa mlango huu, tukaelekezwa ule, tukafika kwenye meza ya huyo mhusika. Ni kijana mdogo, kiumri mjukuu wa bibi kabisa. Ana bakuli la korosho za kukaanga mbele yake na simu mkononi. Bibi akasimama mbele ya meza akisubiri anachosubiri kila mtu mzima wa pwani hii. Kijana akatafuna, akameza, akasema: "Enhe?"

Enhe! Kwa bibi mwenye bakora! Huku kwetu hata mgambo anayekuja kukunyang'anya mizani anaanza na shikamoo. Bibi akaegemea bakora yake akamjibu kwa upole kabisa: "Marahaba, mjukuu wangu." Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kijana hakushtuka. Wala hakuvuta kiti.

Nikaeleza. Akauliza mtaa, akafungua daftari, akashusha kidole mpaka kwenye tiki, akaitazama. "Limepita," akasema. "Jumamosi, saa nane mchana."

Nikamwambia halikupita.

"Mzee, hapa limepita."

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya lundo, kuku wakiwa juu yake. Akasema picha haiwezi kujulikana ni ya mwezi gani. Nikamwambia basi atazame picha walizopiga wao wenyewe Jumamosi, lundo ni lilelile, kona ni ileile, na nyuma yake linaonekana dirisha la huyu bibi aliyesimama hapa. Akafunga daftari. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote: "Sasa mnataka nifanyeje, na taarifa ya mwezi nimeshapeleka?"

Naomba msomaji uyarudie hayo maneno polepole. Taarifa imeshapelekwa. Kumbe kosa la lundo letu ni kubaki konani baada ya taarifa kufungwa. Kwa anayejua mambo haya yanavyokwenda, kila idara inaandika kazi zake za mwezi, Kamati ya Fedha na Uongozi inakaa kila mwezi, na Baraza la Madiwani linakaa kila robo mwaka kupokea zile taarifa. Maana yake wakati mimi nafukuza kuku, lundo letu liko safarini. Kwenye karatasi limeshapakiwa, limeshafika dampo, limeshahesabiwa, linasubiri kusomwa mbele ya waheshimiwa na maji ya chupa. Diwani wetu atasikia usafi umefanyika, atagonga meza. Na hatakuwa amedanganywa na mtu mmoja, kila mmoja atakuwa amesoma alichoandikiwa.

Tulipotoka bibi alisema kitu kimoja tu: "Hakutupa hata korosho moja." Msimu mzima wa korosho mkoani, bakuli limejaa, wageni wamesimama.

Sasa nikiwa mkweli, si halmashauri nzima iliyooza, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Binti yangu ana mtoto mchanga, anampeleka kliniki kila mwezi kwenye zahanati ya hiyohiyo halmashauri. Mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, mama anaelezwa. Alipofikisha miezi tisa binti akawa kasafiri kijijini kwenye mikorosho, chanjo ya surua na rubela ikapita siku yake. Nesi akampigia simu, kwa simu yake mwenyewe na salio lake mwenyewe, akamuuliza mtoto yuko wapi, akamwambia chanjo zipo hata huko zahanati ya kijijini, aende na kadi. Nani alimlazimisha? Hakuna. Yule dada nikimwona barabarani nitamshonea gauni bure, na nisemapo bure sisemi utani.

Na maendeleo ya jamii pia siwezi kuwasema vibaya. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mwingine. Kikundi cha mke wangu walikuwa hawaelewi chochote. Afisa wa kata akaja mwenyewe na pikipiki, akakaa kwenye mkeka, akawapitisha kwenye fomu mstari kwa mstari mpaka magharibi. Mkopo wenyewe bado hawajapata, lakini wameheshimiwa, na mtu aliyeheshimiwa anaweza kusubiri.

Hayo yalinilainisha. Nilisema moyoni labda kitengo cha taka kina shida zake, mji unakua, magari ni machache. Jamaa yangu mmoja anayefahamiana na watu wa ndani akanithibitishia: gari la upande wetu lilikuwa gereji wiki ile yote, kifaa kinasubiriwa kutoka Dar. Nikawaonea huruma kabisa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba huduma ni ya wastani, wavumilieni, na nyota tatu ningewapa.

Kisha usiku, nikiwa nakata kitambaa, nikaacha mkasi. Kama gari lilikuwa gereji wiki nzima, Jumamosi saa nane mchana ni gari gani lililopita mtaani kwangu?

Ngoja, halijaisha. Siku chache baadaye ikatangazwa kuwa Mwenge wa Uhuru utapita. Huku Kusini Mwenge si mgeni, 2023 ulizinduliwa Mtwara pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, kwa hiyo tunajua mambo yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikasikia muungurumo. Gari! Limepona ghafla. Taa zinawaka, vibarua wako nyuma wanapakia chapuchapu, msimamizi anapiga kelele harakaharaka. Nikatoka na taulo begani. Wanazoa barabara kuu, ile atakayopita mgeni. Nikawaita, nikawaonyesha kona yetu, ni hatua chache tu kutoka hapo, unaiona kwa taa za gari lenyewe. Msimamizi akasema mtaa wetu haumo kwenye njia.

Haumo kwenye njia ya Mwenge, ila kwenye daftari umo.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kliniki tano. Maendeleo ya jamii nne, na mkopo ukitoka nitaongeza. Leseni siku hizi unaomba kwa mfumo wa Tausi na unalipa kwa namba ya malipo, hapo nimeokoa nauli, sina neno. Kijana wa mashine ya risiti tano, mumpandishe cheo. Taka moja, na hiyo moja ni ya dereva na vibarua, maana wale usiku ule niliwaona wanafanya kazi mikono mitupu bila glavu. Yule wa daftari simpi kitu. Nilitaka kuandika kuwa labda siku ile alikuwa amechoka, nimefuta.

Na kama kuna mtu wa huko ndani anasoma, dawa mnayo tayari nyumbani kwenu. Kadi ya kliniki anakaa nayo mama. Nesi hawezi kuandika amechoma sindano ambayo hakuchoma, kwa sababu karatasi iko mkononi mwa mwenye mtoto. Wekeni na mtaa kadi yake. Gari likija, dereva asaini kwa mwenyekiti au kwa mjumbe, na mwisho wa mwezi kadi ile ndiyo iende kwenye hiyo kamati. Hamuhitaji mfadhili wala semina. Kalamu tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitafagia, nisije nikaambiwa nimegoma. Ila zangu sirundiki konani. Nitazitia kwenye viroba, vikae ndani ya kibanda karibu na cherehani mpaka nilione gari kwa macho yangu. Wenye kamera wakizihitaji waje wazipige picha humo. Bibi ameshaniambia siku hiyo nimwekee kiti cha wateja, atakuja kukaa mapema.