Matembezi ya Uamuzi wa Busara, Tabora mjini: zoezi zuri, historia imekatwa nusu

Kwa anayetaka kuelewa Uamuzi wa Busara, yaani ni kwa nini TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika, ilikubali kuingia kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 ambao wanachama wake wengi waliuona wa dhuluma, matembezi haya ya saa tatu yanafaa kabisa. Mwongozaji anaanzia stesheni ya reli, anapita Boma la Wajerumani, halafu anaketisha kikundi chini ya mwembe kwa zoezi la kupiga kura. Malipo ni ya kikundi, si ya kichwa, kwa hiyo nendeni wengi. Watu kumi ndiyo idadi nzuri, maana mkiwa chini ya sita zoezi linapwaya.

Zoezi lenyewe ndilo linalostahili sifa. Kila mgeni anapewa karatasi yenye safu tatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kila safu ina majina mawili ya kubuni. Sharti ni lile la kura tatu: utie alama moja katika kila safu. Ukimchagua Mwafrika peke yake ukaacha safu mbili tupu, kura yako imeharibika na karatasi inawekwa kando mbele ya macho yako. Watu hukasirika, na wana haki ya kukasirika. Hasira kama hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958.

Mzunguko wa pili, nusu ya kikundi inasusia. Hesabu inafanywa papo hapo: viti vyote vinachukuliwa na waliobaki. Mzunguko wa tatu waliosusia wanarudi, ila safari hii wameshakubaliana ni Mwasia yupi na Mzungu yupi wa kumpa kura. Wanazoa safu zote tatu. Hapo hata kijana wa sekondari anaona mtego ulivyogeuka. Chama cha UTP (United Tanganyika Party), mpinzani wa TANU kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kilitegemea mfumo huo. Majimbo yalikuwa 10, viti 30. TANU ingesusia, ingekuwa imewaachia wapinzani wake Baraza la Kutunga Sheria bila jasho. Ilipoingia, mgombea Mzungu au Mwasia naye akalazimika kutafuta kura za Waafrika, na TANU ikawa na sauti ya kusema nani apite. Wazungu Derek Bryceson na Lady Marion Chesham waliingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU. Uchaguzi ulikwenda kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP ikabwagwa.

Sasa dosari, na si ndogo. Katika zoezi kila mtu anapata karatasi, wakati mwaka 1958 haki ya kupiga kura ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au wadhifa, na Waafrika walio wengi walibaki nje. Kurekebisha ni rahisi: katika kikundi cha watu kumi, wagawiwe karatasi watatu tu, wengine wakae watazame. Bila hivyo mgeni anaondoka akidhani ubaya wote ulikuwa kwenye zile safu tatu.

Dosari kubwa zaidi ni kwamba mwongozaji anaueleza uamuzi wa Tabora kana kwamba watu walikubaliana kutulia na kungoja. Sivyo. Mkutano uleule ulidai serikali ya madaraka, yaani ya kujitawala mambo ya ndani, ifikapo 1959, na ukaweka wazi kwamba ikikosekana chama kitachukua hatua kali. Ukiiondoa tarehe hiyo, unawafundisha vijana kuwa mabadiliko ya hatua kwa hatua ni kupokea unachopewa. TANU ilikubali hatua ndogo ikiwa na vitu vitatu mkononi: hesabu ya kura, wanachama waliojipanga hadi vijijini, na siku ya mwisho iliyotajwa. Pakikosekana kimoja, mtawala anakuzungusha miaka nenda rudi.

Zuberi Mtemvu naye anatajwa kwa sentensi moja, kama mkorofi. Alijitoa TANU akaanzisha African National Congress ya Tanganyika kwa sababu aliona kukubali ubaguzi wa viti ni kuuhalalisha. Hoja hiyo ina uzito wake, na mgeni apewe nafasi ya kuijadili kabla hajaambiwa kwamba TANU ilipata viti 70 kati ya 71 mwaka 1960 na kwamba Mtemvu alipata chini ya asilimia 2 ya kura za urais mwaka 1962. Wingi wa kura ulionyesha nani alikuwa na watu. Haukujibu swali lake.

Habari ya Isike, mtemi (mtawala) wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ngomeni mwake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani, imechomekwa mwishoni kama mfano wa pupa. Iondolewe hapo. Isike hakuwa na sanduku la kura la kususia wala la kuingia.

Mkienda, anzeni saa mbili asubuhi, hasa Septemba na Oktoba jua linapokuwa kali. Ombeni mapema karatasi za zoezi zichapishwe za kutosha mizunguko mitatu, yaani tatu kwa kila mtu, kwa sababu zikipungua mzunguko wa tatu ndio unaofutwa. Na mkifika chini ya mwembe, ulizeni kuhusu 1959 kabla kura hazijaanza kupigwa.