Daktari safi, dirisha la dawa sina hamu nalo

Nimesubiri hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa.

Kliniki yenyewe ya macho si mbaya. Vipimo vinakwenda haraka, na daktari ana subira ya kumwelewesha mtu. Aliniambia ndani ya jicho, mbele ya lenzi, kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutokea kwenye kichujio kidogo, pale konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inapokutana na irisi, ile sehemu yenye rangi. Kichujio kikizingua, presha inapanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kawaida presha ya jicho ni 10 hadi 21. Yangu ilikuwa imepita hapo. Nikaelewa vizuri kabisa. Mpaka hapo walikuwa na nyota zao tano.

Shida ni dirisha la dawa.

Ujue nimetoka kutiwa matone ya kupanua mboni. Aliyewahi kutiwa anajua: mwanga unachoma, na kwa kuwa dawa inalegeza pia msuli unaoibadilisha lenzi umbo ili uone karibu, kitu cha karibu hukioni ila ukungu, kwa masaa 4 hadi 6 hivi. Nafika dirishani nimejikinga uso kwa kiganja, nasukumiwa vichupa viwili. Nikauliza, "Dada, naanza na kipi?" Hakuinua hata kichwa.

"Mama, kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi. Soma."

"Sioni, dada. Nimetiwa dawa sasa hivi."

"Si utasomewa nyumbani? Anayefuata!"

Kliniki ya macho hiyo! Watu wanaopanua mboni za wagonjwa tangu asubuhi hadi jioni ndio wanaomwambia mgonjwa asome herufi kama mayai ya chawa.

Mboni ziliporudi hali yake nikaifungua hiyo karatasi. Kichupa kimoja machozi ya bandia, sawa. Kingine timolol, dawa ya kushusha presha ya jicho, na kwenye maonyo: mwenye pumu asitumie. Mimi nina pumu! Na nimeiandika kwenye fomu yao ya mapokezi, kabla hata sijapimwa. Msidharau tone la jicho. Jicho lina mfereji wake kwenye kona ya pua. Dawa inashuka puani, inaingia kwenye damu, na hiyo hiyo inayoshusha presha ya jicho inaweza kubana njia za hewa kifuani. Je, ningekuwa mtu wa kutia tu na kulala? Tena hapo hata huyo daktari niliyemsifu nikaanza kumtilia shaka. Fomu ilikuwa mezani kwake.

Nilirudi nikasema yangu yote. Dawa ikabadilishwa, nikapewa latanoprost, tone moja kila usiku. Haki yao niwape: presha imeshuka. Macho yanakuwa mekundu kidogo, na nywele za kope zimerefuka, hilo sijalilalamikia.

Safari hiyo dirishani alikuwepo kijana mwingine. Bila kuulizwa akanionyesha kwa kidole chake mwenyewe: vuta kope ya chini, tone moja tu maana jicho halibebi zaidi ya hapo, fumba macho taratibu, kisha bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isikimbilie kooni. Ukiwa na matone mengine, subiri dakika tano, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Akauliza, "Mama, tumeelewana?" Foleni haikusimama wala nini.

Hilo ndilo limenipandisha hasira upya. Kumbe inawezekana, tena kwa muda mfupi tu! Nilikaa kuandika nikiwa na nyota tatu mkononi kwa ajili ya daktari na huyo kijana. Nimefika hapa nawaachia mbili, na ya pili ni ya kijana. Kupimwa nitaendelea kupimwa kwao. Dawa nitaandikiwa, nikachukue kwingine.