TAHADHARI: Huyu "afande" anayeuza nafasi za mgambo ni tapeli, kanipiga laki na sitini na tano

Jamani naandika hii mikono inatetemeka. Hasira nusu, aibu nusu. Mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaotumiwa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", leo nimeingizwa mjini mchana kweupe, tena kwa kukimbizwa mchakamchaka juu.

Kazi sina tena, yaliyonikuta pale kazini mnayajua, sirudii. Mnajua pia nimezunguka kampuni za ulinzi ngapi, na kila getini swali ni lile lile: una cheti cha mgambo? Umepita JKT? Sina. Haya, rudi nyumbani. Kwa hiyo mtu aliposimama mtaani kwetu Jumapili jioni na kutamka "mafunzo ya Jeshi la Akiba", yaani mgambo, mimi masikio yalisimama kabla ya akili.

Hakuvaa kombati, na hilo ndilo lililonimaliza. Alivaa fulana ya kijani, suruali nyeusi imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, buti unaweza kujitazama. Nikajiambia, tapeli angekuja na makombati yake. Mnakumbuka mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya jeshi wayasalimishe? Nikaona huyu anajua sheria, huyu ni mtu wa ndani. Yaani nilimtafutia ushahidi mimi mwenyewe, yeye wala hakutoka jasho.

Akasema anatoka kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, yule mwanajeshi anayesimamia mgambo wilayani. Nafasi zilikuwa 40, zimebaki 6. Kozi ni Jumamosi tatu tu kwa sababu ni "awamu ya watu wenye majukumu". Ukimaliza unapewa cheti na kampuni ya ulinzi inakusubiri, na wanaofanya vizuri wanapelekwa JKT. Fomu 20,000. Nikalipa yangu, nikalipa na ya mdogo wangu. Keshoye vipimo vya afya 25,000. Mdogo wangu akasema yeye anasubiri aone kwanza. Nikamwita mvivu. Nitamwomba radhi, ila si leo.

Sasa sikieni Jumamosi ilivyokuwa. Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa shule, giza bado. Tulikuwa 14. Akatupanga mistari mitatu kwa urefu, akapita mbele yetu polepole mikono nyuma. "Mguu pande! Mguu sawa!" Sauti inatoka tumboni kabisa. Alipofika kwangu akaniinua kidevu kwa kidole kimoja, akasema, "Kuruta, tazama mbele, mama yako hayupo hapa." Nikajisikia mwanajeshi. Kweli kabisa, nilijisikia hivyo. Tukakimbia kuzunguka mtaa mzima tukiimba, yule mama wa maandazi akatupigia vigelegele, watoto wakatufuata nyuma.

Tuliporudi uwanjani tumepiga magoti tunahema, ndipo akafungua kaunta buku. Sare na buti zinatoka stoo saa nne leo hii, 100,000, ambaye hajalipa jina linakatwa anaingia mwingine. Akanipima mguu kwa kamba ya kiatu, akaandika 39. Hiyo kamba ndiyo inayoniuma mpaka sasa. Tapeli gani anakupima mguu?

Nikatoa simu. Hela yenyewe ni ile ya kikoba, na wahusika wa kikoba mnajijua, nitawatazamaje sijui. Nikaweka namba, jina likaja la mwanamke. Nikamuuliza, "Afande, mbona jina ni la mwanamke?" Akanyamaza. Akanitazama hivi, kama sekunde tano. Kisha akawageukia wenzangu: "Kuruta anauliza maswali?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikabonyeza namba ya siri huku nacheka.

Saa nne sare hazikuja, tukaambiwa gari limeharibika, zitakuja Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo tukafika alfajiri. Hayupo. Simu haipatikani. Mnajua tulifanya nini? Tulijipanga wenyewe mistari mitatu, tukasimama mguu pande, tukamsubiri mpaka saa mbili asubuhi, hadi mlinzi wa shule akaja kutuuliza sisi ni kwaya ya wapi.

Jumatatu nikaenda wilayani. Mwanajeshi aliyenisikiliza hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Akaniambia hakuna kozi kama hiyo, na mafunzo ya mgambo yakiwepo tangazo linashuka kwa mtendaji wa kata na serikali za mitaa, unajiandikisha huko huko kwa watu unaowajua, hakuna afande anayezunguka vijiweni na kaunta buku. Nikamwonyesha barua yangu ya kuitwa. Akaisoma, akaweka kidole kwenye mhuri. Umeandikwa "JESHI LA HAKIBA". Nilikaa na hiyo barua wiki nzima, nikaipiga na picha, nikaiweka kwenye plastiki isilowe, sikuona.

Halafu nyumbani kuna baba mdogo! Alikuwa mgambo, mwaka 1978 akachukuliwa kwenda vita vya Kagera, akaingia na wenzake mpaka Uganda. Yuko chumba cha pili. Sikumuuliza kwa sababu nilitaka nimshtukize na cheti. Nilipomweleza alisema, "Jumamosi tatu? Hata kubeba bunduki bila kuwaua wenzako hujifunzi kwa Jumamosi tatu." Mgambo wenyewe ni miezi, mara nyingi mitatu mpaka minne: kwata, silaha na shabaha, kusoma ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, sheria za polisi, na siku ya kufunga anakuja mkuu wa wilaya au mwakilishi wake mnapita mbele yake kwa paredi. Na cheti hakikupi kazi, kinakupa sifa ya kuomba tu. JKT ni mlango mwingine kabisa, ile ya kujitolea hutangazwa kivyake, maombi yanapitia wilayani na mkoani, na wenyewe wamepiga kelele mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi. Haya yote nayajua leo.

Mtu huyu akamatwe. Afungwe, na gerezani apigishwe kwata juani kila siku kwa buti namba 39, yeye anavaa kama 43. Hapana, sitanii. Kuna dada kwenye ule mstari aliuza cherehani. Kuna kijana alisafiri kutoka kijijini, analala kwa rafiki. Mtu anakula hela ya mtu asiye na kazi kwa kumwahidi kazi, huyo ni wa kuhurumiwa? Mkimwona msimpige, mshikeni mumpeleke kituoni, ila naomba asinikute mimi njiani.

Dalili, kwa mnaoniuliza inbox: hela kwenda namba ya mtu binafsi, jina halifanani, haraka haraka, ahadi ya kazi. Na kutokutaka maswali. Nyingine sikumbuki, nina hasira.

Nimesikia ameonekana upande wa pili wa barabara kuu, safari hii anasema "awamu ya akina mama". Mrefu kiasi, mweusi, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, anapenda kusema "nidhamu kwanza".

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimeshachukua. Wale 13 wenzangu, tunaenda kituoni Alhamisi saa tatu asubuhi, kila mtu aje na ujumbe wake wa muamala na ile barua, msizichane kwa hasira kama alivyofanya mmoja wetu. Na aliyetupiga video wakati wa mchakamchaka, ile anayoonekana anakimbia pembeni na filimbi, tafadhali usiifute. Najua mimi ndiye niliye mbele naimba kwa sauti kuliko wote. Iache hivyo hivyo, polisi wanaitaka.