Fluidi kokingi: mtambo wa mabaki yaliyoshindikana kwingine

Katika kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, mabaki yanayotoka chini ya mnara wa ombwe, unaochemsha mafuta kwa shinikizo dogo, ni mazito kama lami, yana salfa nyingi, na vanadi na nikeli zilizomo huua kichocheo mapema. Fluidi kokingi, njia ya kuyavunja mabaki hayo kuwa mafuta mepesi, haitumii kichocheo hata chembe. Inatumia joto tu, na madini yote hayo huishia kwenye makaa, yaani kaboni ngumu inayobaki. Kwa kiwanda kinachopokea mafuta ghafi mazito, hilo peke yake latosha kuufanya mtambo huu ufikiriwe kabla ya mingine. Ulianza kazi kibiashara mwaka 1954 huko Billings, Montana, na tangu 1978 kampuni ya Syncrude ya Alberta, Kanada, inautumia kwa lami ya mchanga, malighafi ngumu kweli kweli.

Vyombo vikuu ni viwili, kinu na tanuri, na punje za makaa ya mafuta huzunguka kati yake mfululizo. Mabaki yaliyopashwa moto hunyunyizwa kwa nozeli za mvuke ndani ya kinu, ambamo punje zinatokota kama uji kwenye nyuzi 510 hadi 540 za Selsiasi. Punje moja ina upana wa mikroni 150 hadi 200 hivi. Mafuta yakiigusa hutanda juu yake, sehemu kubwa inapasuka, yaani molekuli kubwa zinavunjika kuwa ndogo, na kupaa kama mvuke, na nyuma inabaki ngozi nyembamba ya makaa. Ukiikata punje ya siku nyingi na kuitazama kwa hadubini utaona tabaka juu ya tabaka, kitunguu kabisa. Punje hushuka, mvuke wa maji unazikamua mafuta yaliyonata, kisha zinaingia tanurini kwenye nyuzi 600 na kitu. Humo sehemu ya makaa huunguzwa kwa hewa, na punje zilizopata moto hurudi kinuni zikiwa zimebeba joto lote la kazi.

Faida inaonekana kwenye hesabu. Chukua tani 100 za mabaki yenye kaboni ya Conradson (kipimo cha makaa yanayobaki mafuta yakipashwa moto mkali bila hewa) ya asilimia 20. Diledi kokingi, ule mtambo wa matangi yanayojazwa na kuchongwa kwa zamu, utakuachia makaa tani 30 au zaidi kidogo. Huu utakuachia tani 23 hivi, na karibu robo yake inaliwa na tanuri lenyewe. Tofauti hiyo inakwenda kwenye mafuta. Sababu ni kwamba mvuke wa mafuta hautulii kinuni: unatoka upesi kabla haujapasuka mara ya pili na kugeuka gesi au makaa.

Sasa matatizo, na hapa mnunuzi asiwe na haraka. La kutisha zaidi ni kuganda kwa kitanda, yaani lile rundo la punje zinazotokota kinuni. Mhudumu akiongeza malighafi wakati joto la kinu linashuka, mafuta yanakuwa mengi kuliko punje zinavyoweza kuyakausha. Zinanata, zinashikana mabonge, na mzunguko unakufa. Dalili ya kwanza ni vipimajoto vya kitanda kuanza kutofautiana. Dawa ni kupunguza malighafi papo hapo, kuacha mvuke wa maji uendelee, na kuongeza punje za moto kutoka tanurini. Wengine hukimbilia kupandisha joto la kinu moja kwa moja ili wasikutane na hali hiyo kamwe. Wanapata usalama, lakini mafuta yao yanageuka gesi kila siku.

Kinachoamua mtambo utakaa muda gani bila kuzimwa ni midomo ya saikloni, vyombo vinavyozungusha mvuke ili kuutenga na punje, juu ya kinu. Mvuke wa mafuta ukipoa kidogo tu njiani, matone mazito yanashika ukutani na kuwa makaa magumu, na njia inasinyaa mwezi hadi mwezi. Tofauti ya shinikizo kati ya kuingia na kutoka saikloni irekodiwe kila zamu. Ikianza kupanda kwa kasi, panga matengenezo, usingoje. Sahani za mteremko pale chini, punje zinapokamuliwa, nazo huziba kwa namna hiyo hiyo punje zikishuka zingali zimelowa mafuta.

Ukubwa wa punje pia hautaki uzembe. Kila mzunguko unaongeza ngozi, kwa hiyo zipo nozeli za mvuke mkali za kuzivunja, na punje nene hutolewa kama bidhaa. Zikivunjwa mno, vumbi linapita saikloni. Zikiachwa zinenepe, kitanda kinakuwa kizito na hakitokoti sawasawa. Chekecha sampuli mara kwa mara, usikisie.

Makaa yenyewe hatuwezi kuyasifu. Ni magumu kusaga, yana salfa na madini, na hayafai kwa anodi za kuyeyushia alumini. Soko lake ni kuni za viwandani. Mafuta yanayotoka nayo bado machafu, lazima yasafishwe kwa haidrojeni. Asiye na pa kuyauza makaa aangalie Flexicoking, iliyoanza Kawasaki, Japani, mwaka 1976: chombo cha tatu kinageuza karibu makaa yote kuwa gesi hafifu ya kuchoma ndani ya kiwanda. Gesi hiyo ni nyingi mno na joto inalotoa ikichomwa ni dogo, kwa hiyo matanuri ya kuipokea yawe yamepangwa kabla ya kumwaga zege la msingi.